Lusaka siku ya Uhuru wao, 24 Oktoba: uzi kwa watu wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu tunaotaka kutembea, si kufuata mzigo

Mwana wa Loleza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikishapita Nyerere Day naona swali lilelile kwenye magrupu: "Nina likizo mwisho wa Oktoba, niende wapi?" Majibu nayo hayabadiliki, Dar au Zanzibar. Sisi wa Mbeya tunaishi kilomita mia na kidogo kutoka mpaka wa Zambia. Wazambia tunawajua kwa malori na kwa bei za mazao, lakini hesabu mtaani kwako ni wangapi wamewahi kwenda Lusaka kutembea tu, bila biashara na bila msiba. Ushauri wangu ni kwenda, tena uende wakati wa sikukuu yao ya Uhuru. Wengi watakwambia ukwepe sikukuu kwa kuwa kila kitu kimefungwa. Naandika uzi huu kwa sababu siafikiani nao.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Kabla ya hapo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Siku hiyohiyo Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilikuwa inafungwa, na wanamichezo wao walioingia uwanjani siku ya ufunguzi kama Rhodesia ya Kaskazini walitoka siku ya kufunga wakiwa Zambia, na bendera mpya. Kenneth Kaunda alikuwa na umri wa miaka 40 alipochukua urais. Ukifika Lusaka ukiwa unayajua haya, jiji linasomeka. Usipoyajua utaona barabara ndefu, jua kali na maduka makubwa.

Mahali pa kuanzia ni Independence Avenue. Hapo ipo Sanamu ya Uhuru, mtu mwenye misuli ananyoosha mikono juu na minyororo imekatika. Iliwekwa mwaka 1974, nchi ilipotimiza miaka kumi, na ni kumbukumbu ya Mpundu Mutembo, mpigania uhuru aliyekata minyororo kweli mbele ya kamera. Barabara hiyohiyo ina Makumbusho ya Taifa na Embassy Park, wanakozikwa marais wao. Kaunda alifariki tarehe 17 Juni 2021 akiwa na miaka 97, akazikwa hapo Julai. Mtu wa rika la baba yangu akisimama pale ataelewa kitu ambacho mimi nimekisoma tu.

Halafu nenda Chilenje. Ni mtaa wa watu wa kawaida, na ndani yake ipo nyumba namba 394, ndogo kabisa, alimoishi Kaunda na familia yake kuanzia 1960 hadi 1962 wakati harakati zimepamba moto. Imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Kwangu mimi nyumba hii inazidi majengo yote ya katikati ya jiji. Ukiingia unajiuliza wageni wote wale waliokuja kupanga mambo ya nchi walikaa wapi.

Soma pia majina ya barabara, maana yamebeba historia ambayo hakuna mwongozaji atakueleza yote. Stendi kuu ya mabasi iko Dedan Kimathi Road. Kuna Lumumba Road, kuna Ben Bella Road, kuna Haile Selassie Avenue, kuna Cha Cha Cha Road, na Cha Cha Cha ndilo jina la kampeni ya kugomea amri za wakoloni mwaka 1961. Katikati ya yote hayo inapita Cairo Road, jina lililobaki kutoka ndoto ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo. Jiji limeliacha jina la ndoto ya mkoloni likae jirani na majina ya waliopambana na wakoloni. Siku ya Uhuru magari yakipungua mjini unaweza kutembea barabara hizo kwa miguu na kuona vizuri. Siku ya kazi hutaweza.

Kuhusu tarehe 24 yenyewe. Shughuli rasmi ya siku hiyo huwa Ikulu, ambako Rais huwatunuku nishani watu walioitumikia nchi. Huko wewe mtalii huingii, utaona kwenye televisheni ya loji au ya mgahawa, na usidharau, kaa uangalie pamoja na wenyeji. Uliza aliye karibu, "Huyu anayepewa nishani ni nani?" Hilo swali moja linakufungulia mazungumzo ya saa nzima.

Na ule wimbo. Wimbo wa taifa wa Zambia una sauti ileile ya Mungu Ibariki Afrika. Ni sauti ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897. Sisi tuna maneno yetu na wao wana yao. Ukiupigiwa ugenini mwili unasisimka, mdomo unataka kuanza "Mungu ibariki" wenyewe. Naomba sana tusifanye hivyo. Simama wima, vua kofia, nyamaza au fuata sauti kwa chini. Siku ile ni yao. Nimeona wageni kwenye sherehe za watu wakijifanya wenyeji zaidi ya wenyeji, haipendezi.

Sasa mambo ya kujipanga, haraka haraka. Fika siku mbili kabla. Fedha, laini ya simu, tiketi ya kurudi, maliza vyote kabla ya tarehe 23 jioni. Tarehe 24 ikiangukia Jumapili, Jumatatu inakuwa mapumziko, hivyo hesabu hiyo pia. Oktoba Lusaka ni joto, zaidi ya nyuzi 30 mchana, na sisi tuliozoea baridi ya Mbeya linatuchosha, kwa hiyo zunguka asubuhi. Mijakaranda inakuwa na maua ya zambarau wakati huo. Usipige picha Ikulu, kambi wala askari.

Wenye nondo zaidi karibuni.

---

Dereva wa Tunduma

Umeandika vizuri mkuu. Niongeze ya njiani maana njia hiyo ndiyo ofisi yangu.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019. Ukitoka Tanzania unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Nakonde, hapo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Usisimame upande wetu na kumpa kijana asiye na sare pasipoti yako eti akuharakishie. Fedha badilisha sehemu inayoeleweka, uhesabu mwenyewe, na uangalie ni kwacha ya Zambia. Ya Malawi nayo inaitwa kwacha na thamani yake ni ndogo kwa mbali sana.

Saa: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Na wao hawahesabu saa kama sisi. Tiketi ikiandikwa 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, kwetu inakuwa saa moja. Watu wanaachwa na mabasi kwa jambo hili.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe, ndipo Lusaka. (Ndiyo, Kabwe wanayo na wao, si ya kwetu pale Mbeya peke yake.) Ni mbali kuliko Mbeya hadi Dar. Anayefikiri atatoka asubuhi na jioni yuko mjini anacheza, ajipange upya.

---

Mama Vitenge Mwanjelwa

Mimi nitapinga kidogo, na napinga kwa heshima.

Hela ya safari ni hela. Mtu anayetoka Mbeya na nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, anataka akifika aone jiji likifanya kazi. Siku ya sikukuu maduka ya Kamwala yamepoa, soko la Soweto la hapo Lusaka si lile, benki zimefungwa, ofisi zimefungwa. Unamwambia mtu alipe ili atazame milango iliyofungwa? Mimi huenda kwa biashara, lakini hata wanangu nikiwapeleka nawapeleka siku za kawaida, waone watu wanavyohangaika na maisha. Jiji ni watu wake kazini.

Na hizo sherehe zenyewe umekiri ziko Ikulu. Sasa mtalii anaona nini?

---

Mwana wa Loleza

Mama, hoja yako naipokea. Kwa mwenye mzigo, sikukuu ni hasara, hapo huna mpinzani. Ndiyo maana nimesema mtu afike siku mbili kabla. Hizo siku mbili anaiona Kamwala ikiwa imechangamka, anaona Soweto na watu wake.

Ila siwezi kukubali kwamba watu ni wa kuonekana kazini tu. Mtu akiwa kazini anakujibu bei. Akiwa amepumzika na familia yake, amevaa kitenge chenye rangi za bendera, kijani, nyekundu, nyeusi na rangi ya machungwa, ana nafasi ya kukueleza babu yake alikuwa wapi mwaka 1964. Mimi binafsi mazungumzo yangu mazuri yote ya Lusaka niliyapata siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka. Ukimsalimu mtu "Muli bwanji" kwa Kinyanja au "Mulishani" kwa Kibemba, ukamwambia umetoka Tanzania, siku ile anakuuliza habari za Nyerere. Siku ya kazi anakuuliza kama umeleta mchele wa Kyela.

Unaona nini? Unaona taifa jingine linavyojikumbuka. Sisi wenyewe 9 Desemba tunaizoea hadi hatuitazami. Ukishaona ya jirani, unarudi na macho mengine kwa ya kwako.

---

Mzee wa Makambako

Wanangu, nimesoma yote. Nataka niseme jambo ambalo vijana hamkuliona.

Mnaiita Zambia nchi ya kigeni, ni sawa, ina mpaka na pasipoti. Lakini uhuru wao ulipita hapa mlangoni kwetu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia ilibanwa. Mafuta yalikuwa yanapitia kusini, yakakatika. Ikabidi yaletwe kutoka Dar kwa malori, kwenye mapipa, barabara ya vumbi, masika ya tope. Madereva wenyewe waliiita Njia ya Jehanamu. Sisi tulikuwa vijana, tulisimama pembeni kuyaona malori yanayumba. Mlima Kitonga wa wakati ule si Kitonga mnayolalamikia leo.

Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar hadi Ndola, kilomita 1,710. Halafu wakaja Wachina na reli ya TAZARA. Ilijengwa kuanzia 1970, njia yote ikawa imelazwa 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Sehemu ya kutoka Mlimba kupanda kuja huku Makambako ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, milima, mahandaki na madaraja. Kuna watu walikufa katika kazi ile, wa kwetu na wa China.

Kwa hiyo mtu wa Makambako akienda Lusaka tarehe 24 Oktoba, aende akijua kuwa kijiji chake kina sehemu katika sherehe ile. Asijitape. Ajue tu, na akipata mwenyeji mwenye umri kama wangu amsimulie. Watakaa hadi usiku.

---

Kamwene Iringa

Shikamoo mzee, tunashukuru mno. Simulizi hii ingestahili uzi wake.

Swali kwa mwanzisha uzi. Nataka kwenda na mke na watoto wawili, na watoto wameshikilia tupande treni. Inawezekana kwa tarehe hizo?

---

Mwana wa Loleza

Kamwene mkuu. Treni ya TAZARA ni safari ambayo mtoto hataisahau, lakini usiijenge ratiba ya sikukuu juu yake. Huduma ya abiria imekuwa ikibadilika na kusimama mara kwa mara. Uliza kituoni Mbeya ana kwa ana, upate jibu la wiki hiyo, usitegemee ratiba ya mtandaoni. Pia kumbuka reli inaishia Kapiri Mposhi. Kutoka hapo unapanda basi, kama kilomita 200 hadi Lusaka. Kwa watoto ningeenda kwa basi na kulala njiani, Mpika au Serenje, halafu kama treni ipo turudi nayo, maana wakati wa kurudi kuchelewa hakukuharibii sikukuu.

Na Lusaka wapeleke watoto Uwanja wa Mashujaa. Pembeni yake wamezikwa wachezaji wa timu ya taifa waliokufa kwenye ajali ya ndege pwani ya Gabon, Aprili 1993. Watoto wanaopenda mpira wataelewa haraka kuliko hotuba yoyote kwa nini nchi ile inaheshimu jezi yake.

---

Binti wa Makete

Jamani, hakuna aliyegusa chakula! Nshima mtaizoea, ni ugali. Kapenta ni dagaa wetu. Mjaribu ifisashi, mboga za majani zilizopikwa na karanga za kutwanga, tamu sana.

Lakini nataka kuzungumzia chikanda, kwa sababu inanihusu. Utaiona Lusaka imekatwa vipande kama mkate mzito wa kahawia. Inatengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyokaushwa na kusagwa, karanga, pilipili na magadi. Wazambia wanaipenda kupita kiasi, na kwenye sherehe haikosekani. Sasa, okidi zao zilipopungua, wafanyabiashara walifuata za kwetu huku Makete, milima ya Kipengere na uwanda wa Kitulo. Watu walichimba magunia kwa magunia yakavushwa Tunduma. Ua moja la okidi ukichimba kiazi chake limekufa, halioti tena.

Biashara hiyo ni mojawapo ya sababu Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Pale kuna aina 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Wazee wetu waliiita Bustani ya Mungu kabla hifadhi haijaja.

Siwaambii msionje. Mimi nilikataa, na nilimweleza mama aliyeniandalia kwa upole kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema hakujua kwamba inatoka kwetu. Nilifurahi kuliko kama ningekula kwa adabu na kunyamaza. Mtalii anaweza kumheshimu mwenyeji wake na bado akamwambia ukweli.

---

Mama Vitenge Mwanjelwa

Binti wa Makete umenigusa. Magunia yale niliyaona kwa macho yangu Tunduma, tukidhani ni viazi vya dawa.

---

Mndali wa Kyela

Ugonile wote. Msiisahau Malawi, maana kwa sisi wa Kyela na Ileje ndiyo iliyo karibu. Uhuru wao ni tarehe 6 Julai 1964, na tarehe hiyohiyo mwaka 1966 wakawa jamhuri. Unavukia Kasumulu. Julai ni baridi na ukavu, hakuna joto la Lusaka mlilolisema. Lilongwe ukaone kaburi la Kamuzu Banda, rais wao wa kwanza, jengo lake la nguzo lilifunguliwa 2006. Jiji lenyewe limetawanyika, mitaa ina namba, Area hii na Area ile, kwa hiyo panga usafiri.

Angalizo moja. Kuna miaka serikali huamua sikukuu iwe ibada badala ya gwaride. Kama sisi 2015, ambapo 9 Desemba iligeuzwa kuwa siku ya usafi. Fuatilia habari zao wiki mbili kabla, usije ukasafiri kwa ajili ya gwaride ambalo halipo.

Asiye na hela ya Lilongwe aishie Karonga. Kuna makumbusho yenye mifupa ya Malawisaurus, dinosaria wa huko. Na lugha haikusumbui, Wangonde na Wanyakyusa wanasikilizana.

---

Mwana wa Loleza

Asante sana ndugu yangu. Hilo la kuangalia kama mwaka huo kuna shamrashamra au ibada linahusu hata Zambia. Kwa maoni yangu hata ikiwa ibada, nenda. Zambia ina sikukuu nyingine ya maombi ya kitaifa tarehe 18 Oktoba, siku sita tu kabla. Mwenye likizo ndefu anaweza kuziona zote mbili, akapata picha kamili zaidi ya watu wale kuliko anayeona gwaride pekee.

---

Mwanachuo Iyunga

Wakuu, mimi ni mwanafunzi, sijawahi kutoka nje ya nchi. Tunahitaji viza? Na kwa mwenye bajeti ndogo, nifanyeje?

---

Dereva wa Tunduma

Mdogo wangu, Mtanzania haombi viza kuingia Zambia wala Malawi kwa matembezi. Unahitaji hati ya kusafiria iliyo hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo wanaweza kukuuliza wakati wowote, hivyo usiiache nyumbani. Ukiulizwa unaenda kufanya nini, sema kutembea, taja unapolala na siku ya kurudi. Usiseme "kuangalia angalia", watakuweka pembeni.

Bajeti ikiwa ndogo, usilale Nakonde, vyumba hupanda watu wakiwa wengi. Lala Tunduma, vuka alfajiri, panda basi la mchana. Lusaka loji za bei ya wastani zipo mitaa ya nje ya katikati, na mabasi madogo ya bluu yanafika kila mahali. Ukikosa kabisa hela ya Lusaka, ishia Kasama au Mpika. Nao wana Uhuru uleule, na chumba ni nafuu.